Rangi ya Mbwa wa Pangoni

Ukimwuliza Mwislamu wa pwani ni mbwa gani anayemjua kwa wema, hatapata taabu ya kujibu. Ni mbwa wa Ashabul Kahfi, wale vijana waliokimbia dhuluma ya watu wao wakajificha pangoni na kulala usingizi wa miaka zaidi ya mia tatu. Wakristo wa kale nao wanawasimulia vijana hao, wakiwaita Walalaji Saba wa Efeso. Sura ya 18 ya Kurani, ambayo wengi huisoma kila Ijumaa, inamtaja mbwa huyo kwa mambo mawili. Alikuwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini mwa pango. Na watu wanapobishana vijana wale walikuwa watatu, watano au saba, kila hesabu inamhesabu na yeye. Rangi yake haikutajwa. Lakini binadamu ni binadamu. Wasimulizi wa baadaye walishindwa kuliacha hilo, wakaanza kumpaka mbwa rangi, huyu akisema hivi na yule vile, hata mfasiri Ibn Kathir wa Dameski, aliyefariki mwaka 1373, akaandika kwamba mabishano hayo ya rangi hayana faida wala dalili, na wala hayahitajiki. Mbwa ameelezwa kwa alichokifanya, na watu bado wanauliza alikuwa na madoa gani.

Karne sita na nusu zimepita na swali ni lile lile. Anayetafuta mbwa leo, awe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, humtafuta kwanza kwenye simu. Muuzaji anatuma picha: watoto sita wa mbwa kwenye beseni, mmoja ana kiraka jichoni, mwingine ana soksi nyeupe miguuni, wa tatu kapigwa mstari mweupe katikati ya paji la uso. Mnunuzi anaonyesha kidole kwenye kioo, “nataka huyu,” na pesa inatumwa. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeuliza kama mbwa huyo anaogopa radi, anavumilia watoto, au anamng’ata anayemgusa akila. Picha haina namna ya kujibu maswali hayo, basi hayaulizwi. Leo nataka kudai kwamba kosa hili ni zaidi ya suala la ladha ya macho. Anayechagua mbwa kwa mabaka anajidanganya mwenyewe kuhusu anachokipata, na wengi wakichagua hivyo kizazi baada ya kizazi, deni hulipwa na mbwa kwa mwili wake. Nazungumzia mbwa wa nyumbani, yule atakayepewa jina, atakayelala barazani na kuvutwa masikio na watoto kwa miaka kumi au zaidi.

Tuanze na udanganyifu wa macho, maana hapo ndipo mambo yote huanzia. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Marekani walichapisha jaribio rahisi sana. Walichukua picha za mbwa, wakazibadilisha rangi kwa kompyuta: mbwa yule yule mara mweusi, mara wa manjano iliyofifia. Kisha wakawauliza watu, unadhani mbwa huyu ana tabia gani? Mbwa wa manjano alionekana mpole zaidi, makini zaidi na mtulivu zaidi kuliko mweusi, ilhali alikuwa ni yeye yule. Sisi tulio huku hatuhitaji maabara ili kulijua hilo. Mtaani mbwa mweusi huitwa mkali kabla hajafungua mdomo, na mwenye nyumba humtafuta mweusi kwa sababu hiyo hiyo. Nakubali kwamba jambo hili lina manufaa yake: mwizi naye ni binadamu, amelelewa na imani zile zile, akiona kivuli cheusi nyuma ya geti anarudi alikotoka. Ila mwizi atamwona mbwa huyo usiku mmoja. Watu wa nyumbani wataishi naye mchana na usiku, na hofu ya mwizi haiwaambii lolote kuhusu mbwa huyo anavyokuwa anapofunguliwa mnyororo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa mbwa msemo huo unafanya kazi pande zote mbili, kwani hata ubaya wa rangi huwa ni wa nje tu.

Hapa msikilizaji wa pwani ana haki ya kunikatiza: je, hakuna hadithi ya Mtume inayomtaja mbwa mweusi tititi kwa ubaya? Ipo, na wanazuoni wameijadili kwa marefu. Imam Ahmad bin Hanbal alilikataa windo lililokamatwa na mbwa wa namna hiyo. Lakini Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa tangu zamani kuanzia Lamu hadi Kilwa, pamoja na Imam Malik na wanazuoni walio wengi, waliruhusu kuwinda naye kama mbwa mwingine yeyote. Sharti linalozungumzwa sana katika mlango huo wa fikihi ni mafunzo: mbwa akitumwa aende, akizuiwa akome, na akikamata asile windo. Najisi ya mate yake ni suala jingine, nalo ni la kila mbwa, awe mweupe au mweusi. Ninachotaka kionekane ni kwamba wanasheria wale, waliokuwa wakipima jambo la halali na haramu, walimtambua mbwa wa windo kwa anavyomtii mtu. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea.

Sasa tumwangalie mbwa anayejulikana duniani kwa madoa kuliko kitu kingine chochote, Dalmatian. Mwandishi wa Uingereza Dodie Smith alitoa riwaya yake ya mbwa mia moja na mmoja mwaka 1956, na Disney wakaigeuza kuwa filamu ya katuni mwaka 1961. Filamu hiyo iliporudishwa kwenye sinema za Marekani mwaka 1985, mbwa wa aina hii walioandikishwa huko kwa mwaka walikuwa kama elfu nane. Mwaka 1993 walizidi 42,000. Watu hawakugundua ghafla kwamba Dalmatian ana tabia inayowafaa. Walikuwa wameona madoa. Na Dalmatian ni mbwa aliyezalishwa akimbie kando ya magari ya farasi, maili baada ya maili. Ana pumzi ya mkimbiaji na hamu ya kuitumia. Ukimfungia sebuleni na watoto wadogo, atatafuna makochi, atawaangusha watoto, na kosa si lake. Baada ya kilele hicho idadi iliporomoka kwa kasi, na wengi walioletwa nyumbani kwa shangwe waliishia kwenye vituo vya mbwa waliokataliwa. Mwanasaikolojia Hal Herzog, aliyelifuatilia sana suala hili, alishirikiana na wenzake kulinganisha umaarufu wa aina mbalimbali za mbwa Marekani na sifa zao za tabia, afya na urefu wa maisha. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2013 hayana uficho: aina yenye tabia njema au afya bora haikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupendwa. Mbwa hupanda na kushuka kama kofia na viatu.

Lakini hayo ni madhara kwa mnunuzi. Ya mbwa mwenyewe ni mazito zaidi. Mtoto wa Dalmatian huzaliwa mweupe. Madoa huanza kuonekana akiwa na umri wa kama wiki mbili. Weupe huo unatokana na uchache wa seli zinazotengeneza rangi, na seli hizo zina kazi nyingine ambayo jicho haliioni: ndani ya sikio husaidia kuhifadhi uhai wa zile nywele ndogo zinazopokea sauti. Zikikosekana humo, sikio hufa mtoto akiwa na wiki tatu au nne. Vipimo vilivyofanywa Marekani kwa maelfu ya Dalmatian vilionyesha kwamba karibu watatu katika kila kumi hawasikii sikio moja au yote mawili, na wanane katika kila mia ni viziwi kabisa. Wapo wachache wanaozaliwa tayari na kiraka cheusi, mara nyingi sikioni au kichwani. Hao huwa na uziwi kwa kiwango cha chini zaidi, kwa sababu rangi imewafikia vizuri zaidi. Na kanuni za maonyesho zinasemaje juu ya mbwa mwenye kiraka? Anaondolewa mashindanoni. Kiraka kinaharibu mpangilio wa madoa. Kwa maneno mengine, yule mwenye nafasi bora ya kusikia sauti ya mwenyewe ndiye anayeambiwa hafai kuwa mzazi. Ningetafuta mwaka mzima nisipate mfano mwingine ulio wazi kiasi hiki wa jicho kulipokonya sikio haki yake.

Haikuishia hapo. Dalmatian wote wa ukoo safi walikuwa na kasoro nyingine ya kurithi: miili yao hutoa asidi ya yuriki nyingi mno katika mkojo, na kwa baadhi yao, hasa madume, asidi hiyo huganda kuwa mawe yanayoziba njia ya mkojo. Kwa kuwa wote walikuwa nayo, hakukuwa na Dalmatian mzima wa kumtumia kuisafisha mbegu. Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian kwa mbwa wa windo aina ya Pointer, mara moja tu, kisha watoto, wajukuu na vilembwe wakarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, wakichaguliwa wale wenye mkojo wa kawaida. Chama cha wafugaji cha Marekani kilikubali kuandikisha wawili mwaka 1981, halafu mlango ukafungwa. Haukufunguliwa tena mpaka 2011, miaka thelathini baadaye, wakati ambapo mbwa hao walikuwa Dalmatian kwa zaidi ya asilimia 99 ya damu yao. Watafiti wameeleza sababu inayowezekana ya kasoro hiyo kuenea kwa wote: inaelekea wafugaji wa zamani, kwa kuchagua madoa makubwa yaliyojitenga vizuri, walichagua jeni ile pamoja nayo bila kujua. Mbwa wa Schaible walidaiwa kuwa na madoa madogo kidogo. Pima mwenyewe, msikilizaji: upande mmoja doa lililopungua upana wa ukucha, upande wa pili mbwa asiyeweza kukojoa.

Mtu anaweza kusema nimechagua mfano uliokithiri. Basi chukua Labrador, mbwa wa kawaida kabisa, anayepatikana mweusi, wa manjano na wa kahawia. Rangi ya kahawia hujitokeza tu mtoto akiirithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo anayeitaka hulazimika kuzalisha ndani ya kundi dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka kumbukumbu za madaktari wa mifugo wa Uingereza ulikuta kwamba nusu ya Labrador wa kahawia hufa kabla ya kufikisha miaka 10.7, ilhali kwa wenzao umri huo ni 12.1. Magonjwa ya masikio na ngozi nayo yaliwaandama zaidi wale wa kahawia. Rangi yenyewe huenda haina sumu yoyote. Kinachotiliwa shaka ni ule uchaguzi ulioiweka rangi mbele.

Kinyume chake kipo, na kina zaidi ya karne moja. Katika vilima vya mpaka wa Uingereza na Uskoti, mchungaji aliyekuwa na kondoo mia kadhaa mlimani hakuwa na anasa ya kuangalia manyoya. Mwaka 1893, huko Northumberland, mfugaji Adam Telfer alimzalisha mbwa aliyekuja kuitwa Old Hemp, ambaye leo anahesabiwa babu wa karibu kila Border Collie. Sikiliza alivyochaguliwa. Baba yake, Roy, alikuwa mwema na mchangamfu lakini kazini hakuwa hodari. Mama yake, Meg, alikuwa na jicho kali la kuwazuia kondoo wasisogee, ila alikuwa na haya na wasiwasi uliopita kiasi. Telfer alitia ukali wa mmoja ndani ya upole wa mwingine, akapata mbwa mtulivu aliyewaongoza kondoo bila kelele. Kilichopimwa pale ni tabia dhidi ya tabia. Chama cha mbwa wa kondoo kilichoanzishwa mwaka 1906 kiliendeleza kipimo hicho hicho: daftari lake la koo lilijengwa juu ya mbwa wa kazi, na mpaka leo mbwa asiye na nasaba inayojulikana anaweza kuandikishwa akithibitisha malishoni kwamba anaijua kazi. Ndiyo maana Border Collie wana kila vazi, weusi, wekundu, wenye marakaraka, wa manyoya marefu na mafupi, masikio yaliyosimama na yaliyolala. Chama cha wafugaji cha Marekani kilipomwingiza mbwa huyu kwenye maonyesho ya urembo mwaka 1995, watu wa mbwa wa kazi walipinga kwa nguvu zote. Walijua kioo kinamfanya nini mbwa. Nisiwapambe mno wachungaji hao, maana nao walikuwa na ushirikina wao: wengi waliamini kwamba kondoo hawamheshimu mbwa mweupe. Hata hivyo, mweupe aliyefanya kazi vizuri alibaki kazini.

Afrika tuna ushahidi wetu, nao umebeba neno letu. Yupo mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, mkia umejikunja mgongoni, hasemi kwa kubweka bali kwa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba huku anacheka. Ulimwengu unamwita Basenji. Neno hilo ni ndugu wa “washenzi” wetu, kupitia Kilingala. Maana yake ni mbwa wa watu wa mashambani, mbwa shenzi kama wanavyosema Kenya hadi leo. Wawindaji wa kule humfunga kengele ya mbao shingoni ili wamsikie anapowasukuma wanyama kuelekea nyavuni. Anayefanya kazi hiyo vizuri hutunzwa na kuzaa. Walipopelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, wachache mno, waliandikiwa kanuni za umbo na rangi: miguu, kifua na ncha ya mkia sharti viwe vyeupe. Miaka ikapita, ukoo ule mdogo ukaanza kuzidiwa na ugonjwa wa figo wa kurithi ambao humfanya mbwa apoteze sukari na virutubisho vingine kwenye mkojo. Dawa ya ukoo ilitafutwa wapi? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire ya wakati huo, wakaingia vijijini kuchukua mbwa wale wale wasio na karatasi, baadhi yao wakiwa na michirizi kama ya chui-milia. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea, na michirizi ikahalalishwa. Mbwa aliyeitwa mshenzi ndiye aliyekwenda kuwaokoa jamaa zake wenye vyeti.

Hapo utaniuliza: je, vazi na aina si vinakwenda pamoja? Nikimtaka mbwa mpole, si nitafute aina inayosifiwa upole na kumtambua kwa vazi lake? Hoja hii ni nzito kuliko zote za rangi, na ilipimwa. Mwezi Aprili 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowahoji wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma jenomu za mbwa zaidi ya 2,000, wakiwemo wengi wa damu mchanganyiko. Ilionekana kwamba tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa huelezwa na aina kwa takriban asilimia 9 tu. Aina ilieleza sura vizuri sana. Tabia iliieleza kidogo tu. Nisiifiche sehemu isiyonisaidia: utiifu wa amri ulifuata aina kuliko tabia nyingine, na mbwa wa ukoo wa kuchunga wana mwelekeo wao. Mwenye kondoo na atafute koo za kondoo. Lakini kwa yale yanayomhusu mtu wa nyumbani, kama mbwa atashtuka haraka au atakasirika upesi, cheti cha aina ni kamari nzuri kidogo tu kuliko rangi. Vilevile nakubali kwamba zipo rangi zenye kazi. Mbwa weupe wanaolala na kondoo katika milima ya Italia, Maremma, walipendelewa weupe ili mchungaji asimchanganye mlinzi wake na mbwamwitu gizani. Hiyo ni rangi kama koti la askari wa barabarani. Haidai kutueleza moyo wa anayeivaa.

Kuna pingamizi la kisayansi lililo zuri zaidi. Mwaka 1959, huko Novosibirsk, mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya, akichagua jambo moja tu, kutoogopa na kutomshambulia mtu. Baada ya vizazi vichache walianza kuzaliwa mbweha wenye doa jeupe kipajini, masikio yaliyolegea, mikia iliyopinda. Wapo wanaoona hapa ushahidi kwamba doa na upole ni mapacha, kwa hiyo anayechagua doa anachagua upole. Jaribio halisemi hivyo. Belyaev, na Lyudmila Trut aliyeliendeleza baada yake, walichagua kwa tabia, na doa likapanda gari kama abiria asiyelipa nauli. Hakuna aliyepata mbweha mpole kwa kuchagua madoa. Tena mwaka 2019 wanasayansi wengine walikumbusha kwamba mbweha wale walitokana na mashamba ya manyoya ya Prince Edward Island, Kanada, walikokuwa wamefugwa kwa miongo, na kwamba baadhi ya alama hizo zilikuwapo kabla Belyaev hajaanza. Abiria mwenyewe, basi, huenda alipanda kituo cha nyuma.

Nimeliacha mwisho pingamizi linalonipa kazi kweli kweli. Tabia ya mtoto wa mbwa haionekani. Anayesema “chagua kwa tabia” mbele ya beseni la watoto wa wiki saba anakuagiza uchague kwa kitu ambacho bado hakijakuwepo. Ni kweli. Watafiti wa Vienna walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwapima Border Collie mara tatu: katika siku zao za kwanza, wakiwa na siku 40 hadi 50, na tena wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Karibu hakuna kitu cha utotoni kilichotabiri ukubwani, isipokuwa kiasi cha udadisi wa kuchunguza mazingira. Zile mbinu za kumlaza mtoto chali, kumpigia makofi, kumrushia karatasi ili kujua atakuwa nani, hazina uzito unaodaiwa. Mtu akikata tamaa hapo akasema basi bora nichague kiraka cha jicho, angalau hicho nakiona, namwelewa.

Ila hoja hiyo inaangusha beseni, haiangushi tabia. Ikiwa mtoto hawezi kujieleza, wapo wanaoweza kumweleza. Yupo mama yake, ambaye tabia yake imeshakomaa na ambaye amemrithisha nusu ya damu na wiki zake za kwanza zote. Yapo malezi: John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine, walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili mbwa hujifunza nani ni wa kuaminiwa duniani. Aliyekaa ndani ya kizimba muda huo wote bila kushikwa na mtu hatazibwa pengo hilo na uzuri wa soksi zake. Na yupo mbwa mkubwa. Huku kwetu mbwa mzima asiye na mwenyewe huonekana kama mali iliyokwisha kutumika, ilhali ndiye pekee unayeweza kumjua kabla ya kumchukua. Shule zinazofundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu huwalea watoto katika familia kwa zaidi ya mwaka kabla ya kuamua, na hata wale waliozaliwa na wazazi waliochujwa kwa makini hurudishwa wengi wakionekana hawafai. Watu wanaokabidhi mbwa maisha ya mtu barabarani wanangoja mwaka. Sisi tunaamua picha ikiwa bado inafunguka.

Wala sisemi uzuri ni dhambi. Mbwa mzuri hufurahisha macho kila asubuhi, na kati ya wawili waliolingana kwa tabia, mchukue anayekupendeza, hakuna aliyeumia. Ninachoomba ni utaratibu wa maswali. Siku muuzaji atakapokutumia picha ya yule mwenye kiraka jichoni, mwombe video ya dakika moja ya mama yake, mtu asiyemjua akiingia getini na mwenyewe yuko kando. Tazama kama anasimama kwa utulivu, anajificha uvunguni, au anakata mnyororo. Muulize watoto wamekuwa wakilala wapi na nani amekuwa akiwashika. Na akikujibu kwamba mama hayupo, yuko mbali, yuko kwa mtu mwingine, sijui alikwenda wapi, funga simu, hata kama kiraka kile kimekaa jichoni kama kilichorwa.